Farasi gani anafaa kwa mchezo gani, na kwa nini mnyama wa Mgori ni punda

Siku hizi video za mashindano ya farasi zinafika kwenye simu popote palipo na mtandao, hata huku Mgori. Farasi anaruka kiunzi kinachomzidi mtu wa kimo cha kati. Mwingine anapiga hatua kwa mpangilio kama anacheza ngoma. Mwingine anakimbia jangwani mpaka povu linamtoka. Anayetazama hujiuliza mambo mawili: kati ya farasi hao, yupi ndiye bora? Na kwa nini huku kwetu hatuwaoni?

Katika makala haya tunajibu maswali hayo mawili. Tutaanza na farasi wa michezo, lakini tutamalizia kwa punda, kwa sababu kipimo kinachotumika kumchagua farasi wa mashindano ndicho hichohicho kinachotuonyesha thamani ya punda. Na thamani hiyo imekuwa habari kubwa barani Afrika katika miaka ya karibuni.

Hakuna farasi bora kwa kila kazi

Wanaofuga farasi wa michezo hawaulizi kwanza farasi ana rangi gani au ni mrefu kiasi gani. Wanauliza maswali matatu. Atafanya kazi gani? Atafanyia wapi, kwenye ardhi na hali ya hewa ya namna gani? Nani atamtunza, na kwa gharama gani? Majibu yakibadilika, farasi naye anabadilika.

Tuanze na mbio fupi. Farasi maarufu wa mbio duniani anaitwa Thoroughbred. Mbegu hii ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, kwa kuwapandisha majike wa huko na madume walioletwa kutoka nchi za Mashariki. Ana miguu mirefu, kifua chenye nafasi kubwa ya mapafu, na mwili mwembamba. Anaweza kupita mwendo wa kilomita 60 kwa saa akiwa na mtu mgongoni. Lakini ni mwepesi wa kushtuka, na miguu yake myembamba huumia upesi. Ndiye farasi anayekimbia kwenye uwanja wa Ngong jijini Nairobi.

Kwa umbali mfupi zaidi wa kama mita 400, yupo anayemshinda. Huyo ni Quarter Horse wa Marekani, farasi mfupi, mnene, mwenye misuli mikubwa ya nyuma. Wachunga ng'ombe wa Marekani wanampenda kwa sababu anaweza kuchomoka ghafla, kusimama ghafla na kugeuka palepale kumzuia ndama anayekimbia. Ukimpeleka kwenye mbio za kilomita tatu, atachoka njiani.

Mbio ndefu zina bingwa wake mwingine. Kuna mashindano ambayo farasi hutembea na kukimbia hadi kilomita 160 kwa siku moja. Hapo anayetawala ni farasi wa Kiarabu. Ni mdogo kuliko wengi, lakini ana mifupa imara, anavumilia joto, na mapigo ya moyo wake hurudi chini haraka akipumzika. Jambo hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu kila baada ya kipande cha njia daktari wa mifugo humpima. Mapigo ya moyo yasiposhuka kwa muda uliowekwa, au akionekana anachechemea, anaondolewa, hata kama alikuwa anaongoza. Michezo hii inapendwa sana katika nchi za Ghuba. Nchini Oman, ambako wapo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, kuna pia maonyesho ya jadi ya farasi na ngamia yanayoitwa ardha, ambapo wapanda farasi wawili hukimbia sambamba. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwenye Olimpiki mambo ni tofauti tena. Katika michezo ya Paris mwaka 2024, mashindano ya farasi yalifanyika kwenye viwanja vya kasri la Versailles. Yapo ya aina tatu: kuruka viunzi, dresaji, yaani farasi kupiga hatua zilizopangwa kwa utulivu na utii, na ya tatu inayounganisha dresaji, kuruka viunzi na mbio za porini zenye mitaro na magogo. Ni miongoni mwa michezo michache ya Olimpiki ambamo wanawake na wanaume hushindana pamoja.

Wengi wa farasi wanaoonekana katika kuruka viunzi na dresaji ni wale wa Ulaya wanaoitwa wa damu vuguvugu, kama Hanoverian na Holsteiner wa Ujerumani, Selle Français wa Ufaransa na wale wa Uholanzi. Wana nguvu za nyuma za kumrusha juu na tabia tulivu ya kumsikiliza mpandaji. Hawakuzuka tu. Huko Celle, Ujerumani, kituo cha serikali cha kutunza madume bora kilianzishwa mwaka 1735, na hadi leo kinafanya kazi. Kwa karibu miaka 300 watu wamekuwa wakiandika nani alizaliwa na nani, na kuchagua dume kwa makini. Kwa mbio za porini, damu ya Thoroughbred huongezwa ili farasi apate pumzi zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: hakuna farasi bora, kuna farasi anayefaa. Bingwa wa dresaji ukimpeleka jangwani kilomita 160 utamuua. Farasi wa Kiarabu ukimtaka aruke viunzi vya Olimpiki atashindwa na wale wakubwa wa Ulaya.

Farasi asiyefaa, na mpandaji asiyemjua

Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, dunia iliona kinachotokea kipimo hiki kikipuuzwa. Katika mchezo wa pentathloni, wakati huo wachezaji walipewa kwa kura farasi ambaye hawajawahi kumpanda, na walikuwa na dakika 20 tu za kuzoeana naye. Mchezaji wa Ujerumani aliyekuwa anaongoza alipata farasi aliyeogopa na kugoma kuruka. Alimchapa huku akilia, na kocha wake akampiga farasi huyo ngumi mbele ya kamera. Kocha aliondolewa kwenye mashindano, na medali ikapotea.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba shirikisho la mchezo huo liliamua kuondoa farasi kabisa baada ya Paris 2024. Kuanzia Los Angeles 2028, wachezaji wa pentathloni watavuka vikwazo kwa miguu yao wenyewe.

Tunalitaja tukio hili kwa sababu linagusa hata barabara zetu za vumbi. Mnyama akigoma, mara nyingi tatizo halimo kichwani mwake. Ameogopa, anaumwa, au amepewa kazi isiyolingana na mwili wake. Fimbo haiondoi hata moja kati ya hayo.

Kwa nini farasi hawapo huku kwetu

Sasa tuje kwenye swali la pili. Tanzania haikosi farasi kabisa. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, na huko Arusha na Kilimanjaro wapo wanaofuga farasi wa utalii na michezo. Lakini mkulima wa Singida hana farasi, na sababu kubwa ni maradhi wala si umaskini peke yake.

Adui wa kwanza ni mbung'o. Msitu wa Mgori ni wa miombo, na misitu ya aina hiyo ndiyo makazi ya mbung'o katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mbung'o hubeba vimelea vya nagana, na farasi ni dhaifu sana mbele ya ugonjwa huo. Ndiyo maana katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali. Hata punda wake wengi walikufa njiani.

Adui wa pili ni ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Huenezwa na visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma hasa jioni na usiku. Virusi vyake vikiingia kwa farasi ambao hawajawahi kuvipata wala kuchanjwa, wengi wao hufa. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliingia Thailand, mbali kabisa na Afrika, na farasi zaidi ya 500 walikufa katika miezi michache. Lakini pundamilia huishi na virusi hivyo bila kuugua, na punda wa Afrika mara nyingi haonyeshi dalili yoyote.

Farasi hustawi Afrika pale ambapo ardhi inamruhusu. Ethiopia ina farasi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya bara hili, na wengi wako nyanda za juu zenye baridi. Lesotho, nchi ya milima mitupu, ina farasi wake mdogo mwenye kwato ngumu anayepanda mawe kama mbuzi. Kipimo ni kilekile: kazi, ardhi, matunzo.

Punda naye ana kipimo chake

Ukiyauliza maswali yale matatu hapa Mgori, jibu linakuja lenyewe. Kazi ni kuteka maji, kubeba kuni, kutoa mahindi, mtama na alizeti shambani, na kupeleka mzigo sokoni. Ardhi ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja, na kuanzia katikati ya mwaka majani ni makavu. Matunzo ni yale ambayo kaya ya kawaida inayamudu.

Punda ameumbwa kwa maisha hayo. Watafiti waliochunguza vinasaba vya punda wa nchi mbalimbali walieleza mwaka 2022 kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, hapa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Farasi ni mgeni aliyetoka nyika za baridi za Ulaya Mashariki na Asia. Punda ni mwenyeji. Anakula majani makavu ambayo farasi hawezi kunenepa nayo, anavumilia kiu kuliko ng'ombe, na kwato zake ndogo zinapita kwenye njia nyembamba.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua kaya inayotumia madumu matano ya lita 20 kwa siku, na kisima kiko kilomita tatu. Mama akibeba dumu moja kichwani kila safari, atatembea safari tano, yaani kilomita 30 kwenda na kurudi. Punda mmoja akibeba madumu mawili mgongoni, zinakuwa safari tatu, kilomita 18. Kwa siku tisa punda huyo ametembea kilomita 162. Hiyo ni zaidi ya zile mbio ndefu za farasi wa Kiarabu, na nusu ya njia alikuwa na hadi kilo 40 mgongoni, bila daktari wa kumpima mapigo ya moyo.

Akifungwa kwenye mkokoteni wa magurudumu mawili uliosawazishwa vizuri, madumu yote matano yanakuja kwa safari moja. Muda uliobaki ni wa mtoto kwenda shule na wa mama kwenda shambani.

Ng'ombe na punda hawafungwi sawa

Wengi wetu tunakosea hapa. Ng'ombe dume ni bora kuliko punda kwa kulima ardhi nzito, kwa sababu ana uzito na nguvu za kuvuta taratibu kwa muda mrefu. Nira ya mti hukaa mbele ya nundu yake na kupata pa kuegemea. Punda hana nundu. Ukimvika nira ya ng'ombe, mti unamsugua shingoni juu ya mfupa, na baada ya siku chache kuna kidonda. Nguvu za punda ziko kifuani, kwa hiyo avute kwa mkanda mpana wa kifuani, laini, usiobana koo.

Mgongoni, kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba punda asibebe zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi ni wadogo, wana kama kilo 150 au pungufu. Theluthi yake haizidi kilo 50. Madumu mawili yaliyojaa ni kilo 40, na hapo ongeza uzito wa sogi. Madumu manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake. Ni sawa na mtu wa kilo 60 kubeba zaidi ya kilo 30 kila siku, mchana, kwa miaka.

Kuna mahali Afrika Mashariki ambako punda pia ni mwanamichezo. Kule Lamu, mji wa vichochoro visivyopitika kwa gari, punda ndiye gari, na kwenye sherehe vijana hushindana kwa mbio za punda pwani huku mji mzima ukishangilia. Tangu mwaka 1987 mji huo una kituo cha matibabu ya punda. Anayeshinda mbio ni punda aliyelishwa, asiye na vidonda, anayemwamini mpandaji wake. Fimbo peke yake haijawahi kumfanya punda aliyedhoofika awe bingwa.

Biashara ya ngozi na uamuzi wa 2024

Kwa nini tunaandika haya sasa? Kwa sababu mnyama huyu alianza kutoweka. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi inayoitwa ejiao, inayotumika katika dawa za asili na vipodozi. Mahitaji yaliongezeka huku punda wa China wenyewe wakipungua, kutoka takribani milioni 11 mwaka 1992 hadi chini ya milioni 3. Wanunuzi wakageukia Afrika, ambako wako punda wengi kuliko bara lolote.

Majirani zetu wa Kenya waliumia mapema. Machinjio yalifunguliwa kuanzia mwaka 2016, na utafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ulihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi ukashamiri: watu waliamka asubuhi na kukuta mizoga isiyo na ngozi vichakani. Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku, na mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo.

Tanzania nayo ilikuwa na machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga, mikoa isiyo mbali na hapa. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kusitisha uchinjaji wa punda kwa miaka 10, na Desemba mwaka huohuo mkutano wa Afrika kuhusu punda ulifanyika Dar es Salaam. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika wakikutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha katika bara zima uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Hoja iliyowasukuma ni ya hesabu za uzazi. Punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo asipewe kazi nzito kabla ya kutimiza miaka minne. Kwa hiyo kaya iliyouza punda wake leo kwa fedha za haraka haiwezi kumrudisha msimu ujao. Fedha huisha, na dumu hurudi kichwani kwa mama na binti.

Uamuzi wa Addis Ababa hauna askari kila kijiji. Anayelala karibu na zizi ni sisi. Punda akiibwa, au mgeni akinunua punda kwa wingi usiku bila kibali cha kusafirisha mifugo, taarifa ianzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Na ikumbukwe kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda kama mnyama mwingine yeyote: kumpiga kikatili au kumbebesha kupita kiasi ni kosa.

Tujifunze nini kwa wenye farasi

Hatuhitaji farasi wa Olimpiki. Lakini wanaowafuga wanajua mambo matatu ambayo sisi tumeyaacha.

Kwanza, wanachagua dume. Sisi tunaacha punda wapandane ovyo malishoni, na mara nyingi dume mzuri ndiye anayeuzwa mapema kwa sababu ana bei. Wafugaji wa kitongoji kimoja wanaweza kukubaliana: dume mwenye mgongo ulionyooka, miguu iliyosimama sawa na tabia ya upole abaki kuzalisha, na wengine wahasiwe na mtaalamu wa mifugo. Jike anayezaa vizuri asiuzwe.

Pili, wanatazama mwili kabla ya kazi. Kila asubuhi pitisha mkono mgongoni, kifuani na shingoni, kisha inua kila kwato uondoe mawe. Dakika tano zinatosha. Penye kidonda, mzigo usipande mpaka kipone.

Tatu, wanapumzisha. Farasi wa mbio ndefu asiyepumua sawasawa anasimamishwa hata akiwa wa kwanza. Punda anayehema na kuinamisha kichwa anasema jambo hilohilo.

Wazee walituachia msemo: punda afe, mzigo ufike. Ulisemwa zamani, punda wakiwa wengi. Leo punda akifa, mzigo wa kesho haufiki.